Pimbi na Nyasi za Uwanja wa Mawe Saba

Ngano kati!

— Piga!

Ngano kati!

— Piga tuone!

Nipige ya kweli au nipige ya uongo?

— Yoyote, mradi iingie!

Haya, tulieni basi. Wewe Shija, sogea mbele nikuone vizuri. Hiyo jezi uliyovaa ni ya wapi? Ya Bondeni? Mtoto umezaliwa hapa, umekula samaki wa hapa, surua umeugulia hapa hapa, halafu unavaa jezi ya Bondeni? Haya, kaa nayo. Ngano ya leo ni yako wewe hasa, na usiponielewa, shangazi yako nimeshindwa.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na ligi yao, palikuwa na mji unaitwa Mawe Saba. Haukuwa mji mkubwa, haukuwa mji mdogo, ulikuwa mji wa kiasi. Ukimuuliza mtu wa Bondeni, "Mawe Saba ni wapi?" anakujibu, "Aa, si kule unakopita ukiwa unakwenda kwingine?" Ukimuuliza mtu wa shamba, anakujibu, "Kule mjini kule! Hata taa ya barabarani wanayo." Na kweli walikuwa nayo. Moja.

Lakini mji huo ulikuwa na timu mbili za ligi kuu, na wenyewe walitembea vifua mbele. Timu ya kwanza ilikuwa ya netiboli. Hiyo ilikuwa na Twiga, na Twiga alikuwa anaweka mpira golini kama mtu anayetundika kofia ukutani. Ilishinda kila wiki, kwa hiyo hakuna aliyeizungumzia. Timu ya pili ilikuwa ya mpira wa miguu, inaitwa Majabali, na hiyo ndiyo mji mzima uliyoipenda, kwa sababu iliwaliza.

Kipa wa Majabali alikuwa Kakakuona. Mpira ukija, anajikunja. Nahodha alikuwa Punda, beki mwenye teke la kutisha, ila teke lenyewe halikujua linakwenda wapi. Kocha alikuwa Kobe, na kila mechi, hata wakiwa wamefungwa manne, alisimama pembeni akisema, "Vijana, taratibu. Taratibu, vijana."

Nasikia nani huko nyuma anasema timu mbovu? Ubovu wake watu wa Mawe Saba walikuwa wanausema wenyewe, asubuhi mpaka jioni, vinyozi, wauza maji, wote. Lakini wewe mgeni ukija ukausema, unakula teke la Punda, na hilo ndilo pekee lililokuwa likifika.

Sasa huo mji ulikuwa wa mawe matupu. Uwanja wa mpira walikuwa nao, lakini ukianguka, goti unaliacha pale pale. Aliyekuja kuotesha nyasi ni Pimbi. Pimbi mnamjua: kadogo, kama paka asiye na mkia, makazi yake kwenye mapango ya mawe. Huyu alikuwa mama mtu mzima, ndiye mtunza uwanja. Alibeba udongo kwa ungo. Alichota maji ziwani kwa kibuyu. Alipanda nyasi shina moja moja, miaka mitatu. Fya, fya, fya, anafagia. Chwa, chwa, chwa, anamwagilia. Akimaliza anapanda juu ya jiwe, anaziangalia, na moyo wake unajaa.

Zilikuwa nyasi jamani! Nzito, kijani, laini. Sifa zake zikasafiri mpaka Bondeni, kwenye jiji kubwa, zikamfikia Kiboko.

Kiboko alikuwa mwenyekiti wa Ngurumo, timu ya Bondeni, mabingwa wa kila mwaka. Alikuwa mkubwa wa mwili, mkubwa wa sauti, na tumbo lake halikuwahi kusema asante. Na palikuwa na sheria ya baraza la wanyama inasema hivi: uwanja wa timu ya ligi kuu hauliwi. Uwe na njaa ya namna gani, hauliwi. Lakini timu ikishuka daraja, uwanja wake unakuwa malisho, na wa kwanza kuandika barua ndiye atakayeyala. Kiboko alikuwa mwepesi sana wa kuandika barua. Alishakula viwanja vitatu vya miji mitatu, na milingoti ya magoli akaifanya vijiti vya meno.

Ikafika mechi ya mwisho wa msimu. Majabali na Ngurumo, palepale Mawe Saba, Jumapili saa kumi. Majabali wakipata sare tu, wanabaki ligi kuu. Wakifungwa, wanashuka, na uwanja unaliwa. Ngurumo walikuwa mabingwa tayari. Pointi hawakuzihitaji hata moja. Walikuja kwa ajili ya nyasi.

Jumamosi Kiboko akafika kuukagua uwanja. Gudu, gudu, gudu. Nyuma yake anamfuata Korongo, mdomo mrefu, koti jeusi, shingo haina nyoya. Huyu Korongo ndiye alikuwa mtaalamu wa kamati ya ufundi. Msijifanye hamjui kamati ya ufundi! Ni ile isiyogusa mpira, isiyojua mpira, lakini inasafiri na timu kutafuta wenzao wamezika dawa gani uwanjani. Korongo alilishwa kwa kazi hiyo, na asipoona kitu, hali. Kwa hiyo kila alikokwenda, aliona kitu.

"Shikamoo Mwenyekiti," akasema Pimbi.

"Marahaba. Hizi nyasi ni za namna gani?"

"Ni za kuchezea, Mwenyekiti."

"Mimi naona za kula," akasema Kiboko, akainamisha pua akanusa, fuuuu, mpaka nyasi zikalala. Mate yakamtoka, tii, tii, tii.

Pimbi akapiga magoti. "Mwenyekiti, nyie mmeshachukua kombe. Tuachieni sare tu. Nyasi hizi nimezilea kwa mikono yangu miwili, na huu mji ukikosa timu utabaki na nini? Nakuomba, baba."

Kiboko akacheka, kho, kho, kho! "Kesho tunawapa matano. Jumatatu asubuhi naleta mdomo wangu. Naanzia kona ile, namalizia kona hii. Wewe utakuja kufagia."

Pimbi akalia. Alilia kweli, jamani, machozi mpaka kidevuni. Akageuka, akainama kuokota ufagio wake arudi nyumbani.

"Weee!" Korongo akaruka. "Unazika nini hapo?"

Pimbi akashangaa. "Mimi? Sijazika kitu, mtaalamu. Naokota ufagio."

Korongo akamnong'oneza Kiboko, mnong'ono wa korongo lakini, unasikika ng'ambo ya pili ya uwanja: "Mwenyekiti, umesikia? Anasema hajazika kitu. Anayesema hajazika ndiye aliyezika!"

Kiboko akarudi nyuma hatua mbili. Mnyama mzima yule, tani nzima ya nyama, akamwogopa Pimbi na ufagio wake.

Machozi ya Pimbi yakakauka hapo hapo. "Kumbe!" akajisemea. "Kumbe dawa yao ni hii?"

Haya, Ngano kati!

— Piga!

Jumapili ikafika. Mji mzima uwanjani. Vuvuzela, poo! Ngoma, ndi, ndi, ndi! Saa nane Ngurumo hao, wamepanga mstari, Kiboko mbele, Korongo pembeni, halafu Chui mshambuliaji, halafu Faru beki, na wengine, vifua hivyo. Pimbi amesimama kwenye lango kubwa, kajifunga kanga kiunoni, ufagio mkononi, anatabasamu.

"Karibuni wageni wetu! Piteni hapa langoni. Nimepafagia mwenyewe. Hakuna kitu."

Korongo akasimama. Akainamisha shingo, akachungulia kushoto, akachungulia kulia. Palikuwa safi. Safi kuliko sahani. "Mwenyekiti," akasema, "mimi nina miaka mingi katika kazi hii. Lango safi hivi? Kuna kitu!"

"Hakuna kitu," akasema Pimbi.

"Kuna kitu!"

"Hatupiti!" akanguruma Kiboko. "Vijana, ukutani!"

Wakaparamia ukuta. Chui akaruka, hop, akapita. Wengine wakapita wakiacha jezi kwenye misumari. Faru akapanda. Hii! Hii! Hii! Akafika nusu, tumbo likakaa juu ya ukuta, miguu minne inapiga hewa. Wakamsukuma wa nyuma, wakamvuta wa mbele. Puuu! Ukuta na Faru vyote chini. Akainuka anachechemea. Watu wa Mawe Saba wakamshangilia kama amefunga goli.

Ndani Pimbi alikuwa ameshatangulia. Amesimama kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Karibuni wageni wetu! Pumzikeni kivulini. Mikeka nimetandika mwenyewe. Hakuna kitu."

"Kuna kitu!" akasema Korongo.

"Hatuingii!" akanguruma Kiboko. "Vijana, nje!"

Wakaenda kubadilishia nguo nje, juu ya majabali. Na jabali la Mawe Saba saa nane mchana, wenyeji wanakaanga juu yake mayai. Ngurumo wakakaa. "Yalaaa!" Wakainuka. Wakakaa tena. "Yalaaa!" Mpaka wanamaliza kuvaa soksi, makalio ya timu nzima yameiva.

Pimbi akaja na pipa la maji, anasukuma, guru, guru.

"Karibuni wageni wetu! Poeni roho. Maji nimechota mwenyewe. Hakuna kitu."

Maskini Kiboko. Nyie hamjui kiboko na jua. Ngozi yake haikuumbwa kwa jua, inataka maji asubuhi, maji mchana, maji jioni. Ilikuwa imeshaanza kukaza mgongoni, inakwaruza, krrr, krrr, kila akigeuka. Akayaangalia yale maji. Maji yakamwangalia.

"Mtaalamu," akasema kwa sauti ndogo, "hata ya kujimwagia tu?"

"Mwenyekiti! Hayo ndiyo kabisa!"

"Nikumwagie kidogo, Mwenyekiti?" Pimbi akauliza. "Mgongoni tu."

"Usinisogelee!"

Saa kumi, mwamuzi Kanga, ambaye filimbi yake ilikuwa koo lake mwenyewe, akapuliza. Priiii! Mpira ukaanza.

Ngurumo walikuwa na kiu, makalio yanauma, Faru anachechemea. Lakini bado walikuwa Ngurumo. Dakika ya pili Chui akapata mpira katikati. Akampita mmoja, akampita wa pili, akampita Punda, anakwenda, anakwenda! Mji mzima ukashika vichwa. Akafika kwenye mstari wa kumi na nane. Pembeni pa mstari yuko Pimbi na ndoo yake ya chokaa.

"Pita tu mwanangu," akamwambia. "Chokaa hii nimechora mwenyewe asubuhi. Ni chokaa tu. Hakuna kitu."

"Kuna kituuu!" Korongo akapiga ukelele kutoka benchi. "Chui, usikanyage mstari!"

Chui akafunga breki, miguu minne yote. Mpira ukaendelea peke yake, biri, biri, biri, mpaka kwa Kakakuona, ambaye alikuwa ameshajikunja tangu dakika ya kwanza. Ukamgonga, ukasimama.

Basi ikawa hivyo. Ngurumo wanakuja, wanafika mstarini, wanasimama kama wamefika kwenye mto wenye mamba. Wanapiga kwa mbali. Mpira juu ya jabali. Wanakuja tena, wanafika mstarini, wanasimama. Wanapiga kwa mbali. Mpira kwenye paa la mama muuza mihogo. Na Majabali? Msiniulize. Punda alipiga mashuti manne, matatu yakaenda nyuma.

"Taratibu, vijana," akasema Kobe.

Ikafika dakika ya themanini na tisa. Bila kwa bila. Watu wa Mawe Saba walikuwa wamekumbatiana, wengine wamefumba macho, wengine wanahesabu kwa midomo. Hapo Chui akachoka na mambo ya mstari. Hasira zikampanda. Akauruka mstari kwa juu, hop, mpira mguuni, kipa amejikunja, goli liko wazi kama mlango wa msiba. Punda akaja kwa nyuma. Akarusha teke. Safari hii, jamani, safari hii moja, teke likafika.

Paaa!

Kwenye mguu wa Chui.

Priiii! Kanga akanyoosha bawa. Penalti.

Uwanja ukawa kimya. Ukimya huo mtu aliyelelewa na timu ya kushinda kila siku hawezi kuujua. Punda akakaa chini akalia kwa sauti, hii hooo, hii hooo. Kiboko, ngozi imepasuka, midomo imekauka, akasimama akaanza kuiangalia ile kona aliyosema ataanzia.

Pimbi akaziangalia nyasi zake. Miaka mitatu ya kibuyu na ungo ilikuwa imekaa mguuni mwa Chui. Akashika ndoo yake ya chokaa, akaingia uwanjani kwa adabu.

"Mwamuzi, samahani. Nukta ya penalti imefutika. Naomba niichore vizuri, mgeni apige pazuri."

Kanga akatazama. Kweli, ilikuwa imefutika. "Chora mama."

Pimbi akachora. Nukta nyeupe, duara, safi. Akauweka mpira juu yake kwa mikono miwili, akaupangusa vumbi, akamwinamia Chui. "Haya mwanangu, piga. Ni nukta tu. Hakuna kitu, nakuapia."

"ANAAPA!" Korongo nusura azimie. "Mwenyekiti, ameapa! Chui, usiuangalie! Fumba macho!"

Chui akafumba macho.

"Uupe mgongo!"

Chui akaupa mpira mgongo.

"Usitumie mguu wa kulia! Usitumie vidole! Kisigino! Kisigino cha kushoto!"

"Sikiliza mtaalamu!" akanguruma Kiboko.

Priiii! Chui, bingwa wa mabingwa, mfungaji bora wa misimu minne, macho yamefumbwa, mgongo kwenye goli, akarudisha kisigino cha kushoto. Pyu.

Mpira ukaenda. Biri... biri... biri... Mpaka ulipofika katikati ya safari, bibi mmoja wa Mawe Saba alishasali sala nzima. Biri... biri... Ukamfikia Kakakuona. Tap. Ukasimama.

Leo ukienda Mawe Saba watakuambia Kakakuona aliruka. Aliruka kona ya juu kushoto, aliupangua kwa ncha ya ukucha, akaanguka akiwa ameukumbatia. Usibishane nao. Wana picha yake ukutani kwa kinyozi.

Priii, priii, priiiiii! Mpira umekwisha. Bila kwa bila. Majabali wamebaki ligi kuu!

Mji ulilipuka. Watu waliobishana miaka kumi walibebana. Pimbi alikaa katikati ya nyasi zake akalia tena, safari hii kwa furaha. Halafu akajipangusa, akachukua panga, akakata fungu moja la nyasi za pembeni, zile ndefu nzurinzuri, akalifunga kwa kamba, akamfuata Kiboko.

"Mwenyekiti, umekuja kwetu na hujala. Si vizuri mgeni aondoke hivi hivi. Chukua zawadi ya njiani. Nyasi za uwanja wetu, nimekata mwenyewe. Hazina kitu."

Kiboko akaliangalia lile fungu. Tumbo likasema kula. Korongo akasema, "Kuna kitu!" Kiboko akatoa macho, akapiga ukelele, akageuka, gudugudugudu, kupitia tundu la Faru ukutani, akashuka mteremko, chubwiii, mpaka ziwani. Ile barua yake ya kuomba malisho akaliandikia baraza kuifuta akiwa majini, pua tu nje. Uwanja wa Mawe Saba hautaki hata bure.

Ngano ingeishia hapo mngefurahi, eti? Shija ameshaanza kuvua jezi. Ngoja kwanza.

Jumatatu mji wote ukaenda nyumbani kwa Pimbi na kuku na viazi na vigelegele. Punda akatangulia.

"Mama, umetuokoa. Sasa sisi ni wako. Hebu tuambie, ulizika nini?"

"Mwanangu, sikuzika kitu."

Punda akawageukia wenzake, akakonyeza jicho. Wote wakakonyeza. "Tunajua, mama," wakasema. "Hukuzika kitu."

"Kweli sikuzika!"

"Ndiyo, mama. Hukuzika. Siri ni siri."

Wakamchagua mwenyekiti wa kamati ya ufundi palepale, akiwa bado anakataa. Na mazoezi wakaacha. Ya nini? Si wana mama yao? Msimu mpya ukaanza. Mechi ya kwanza, nyumbani, na timu ya Mabwawani, vyura na kenge, timu ya kawaida kabisa. Pimbi amesimama langoni. "Piteni wanangu." Majabali wakasimama mbele ya lango la nyumbani kwao wenyewe. "Hapana, mama. Wewe mwenyewe unajua ulichoweka hapo." Wakaparamia ukuta. Punda akaning'inia dakika kumi na tano.

Wakafungwa sita.

Wiki ya pili wakafungwa matano. Wiki ya tatu mji ukaanza kumpitia Pimbi njiani bila salamu. Kwa kinyozi wakawa wanasema, "Mama ametuuza. Ile dawa kawapa wengine." Akinamama aliochota nao maji wakahamisha ndoo zao. Pimbi alipita na ufagio wake, akausikia mnong'ono, na ukamchoma kuliko maneno yote ya Kiboko. Kiboko alikuwa mgeni. Hawa alikuwa amewafagilia yeye.

Akakaa nyumbani siku mbili hali. Siku ya tatu akamwita Punda, Kakakuona na kocha Kobe. Akafunga mlango. Akawaangalia. Tangu azaliwe hakuwahi kusema uongo hata wa kumnyamazisha mtoto, nyinyi mashahidi, ngano nzima hii kasema kweli tupu. Akavuta pumzi.

"Haya," akasema. "Nilizika."

"Tulijuaaa!" Punda akaruka mpaka darini.

"Nilizika dawa saba kuzunguka uwanja. Lakini zimelala, ndiyo maana mnafungwa. Zinaamshwa kwa miguu. Timu nzima izunguke uwanja mara ishirini kila asubuhi, jua halijatoka, bila kuruka hata siku. Wewe Punda, jiwe lile jeupe nyuma ya goli, upige mpira ulilenge mara mia kila siku. Ukilikosa, anza upya, dawa inahesabu. Wewe Kakakuona, ukijikunja kabla mpira haujafika, dawa inakufa. Lazima uutazame kwa macho yote mawili. Na lango, mpite langoni kama watu wazima, ndipo ilipo ile kubwa."

"Na mimi?" akauliza Kobe.

"Wewe, neno taratibu limekatazwa."

Wakakimbia! Alfajiri Mawe Saba unasikia vishindo tu, du, du, du, na Kobe nyuma anatweta. Punda akalipiga jiwe jeupe mpaka likachimbika. Kakakuona akautazama mpira mpaka akaanza kuuota. Mwezi mmoja. Miezi miwili. Wakapata sare. Wakashinda moja. Wakashinda tatu mfululizo. Ngurumo walipokuja, bila Kiboko, maana Kiboko alisema anaumwa, wakafungwa mawili bila, la pili teke la Punda, kona ya chini, moja kwa moja.

Jioni ile wakambeba Pimbi juu, wakamzungusha mji mzima mpaka penye ile taa. Punda, jasho linamtiririka, misuli imetuna, mapafu yanaita kama ngoma, akamwinamia sikioni.

"Umeona, mama?" akasema. "Tungetegemea mazoezi, tungefika wapi?"

Pimbi akafungua mdomo. Akawaangalia wote wanavyocheka, akaufunga.

Sasa mafunzo. Kila ngano ina mafunzo, na ya hii andikeni: uongo ni mbaya. Msiseme uongo hata siku moja, wala kwa rafiki wala kwa adui. Aliyesema uongo katika ngano hii ni mmoja tu, na mmeona wenyewe yaliyompata, alibebwa juu juu akapata kizunguzungu.

Mpira nje!

— Nani kautoa?

Si mimi, ni yule aliyenisimulia.

— Basi tumpige yeye!

Mpigeni. Mwenzangu huyo ni wa Bondeni.